Kioo Kinasema GB 512

Samsung haijawahi kuuza Galaxy S24 Ultra yenye RAM ya GB 16. Ilipoizindua Januari 2024, matoleo yote yalikuwa na RAM ya GB 12, na bei ya kuanzia kule Marekani ilikuwa dola 1,299. Lakini pita kwenye maduka ya mtandaoni yanayouza moja kwa moja kutoka China, utaikuta S24 Ultra yenye GB 16 za RAM, hifadhi ya terabaiti moja na betri kubwa kuliko ya asili, kwa chini ya dola 100, kava na protekta bure. Kopi imeipita simu yenyewe iliyokopiwa. Anayeandika tangazo hilo hana hofu ya kuongeza sifa, kwa sababu kila sifa aliyoiongeza ni maandishi tu, na maandishi hayamgharimu kitu.

Wapo wanaowacheka watu wanaozinunua. Mimi siwacheki. Anayeagiza simu hiyo kwa kawaida ameshazunguka maduka ya simu ya Kariakoo au Luthuli Avenue, ameuliza bei, ameona kwamba simu anayoitaka ni mshahara wake wa miezi kadhaa, kisha akakutana na picha nzuri na nyota tano za wateja waliotangulia. Si ujinga huo. Ni mtu anayetafuta kitu kizuri kwa uwezo alionao, na amekutana na bidhaa ambayo kazi yake ya kwanza, kabla ya kupiga na kupokea, ni kumdanganya yeye.

Nataka tuutazame udanganyifu huo kwa karibu, maana mashauri mengi yanayotolewa kuhusu simu feki yamepitwa na wakati. Tuliambiwa tuangalie maandishi kwenye boksi kama yamekosewa, tuangalie rangi ya nembo, tuingie kwenye mipangilio tusome kumbukumbu na toleo la Android. Ushauri huo wa mwisho ndio unaowaponza watu. Kuingia kwenye mipangilio ya simu bandia ili ujue kama ni bandia ni kumtaka mtuhumiwa awe shahidi katika kesi yake mwenyewe.

Simu ya namna hiyo niliyoifungua juzi ilikuwa ya dada mmoja fundi cherehani. Aliiagiza kupitia mtu anayekusanya oda za China kwenye kundi la WhatsApp. Lalamiko lake lilikuwa dogo tu: "Kaka, kila nikipiga picha ya nguo ya mteja inaniambia nafasi imejaa, na mimi nina GB 512." Alinionyesha. Kweli, mipangilio ilisema GB 512, na kwamba zaidi ya GB 400 ziko wazi. Nikamuomba ruhusa ya kuifungua, akakubali.

Mfuniko wa nyuma ulitoka kwa ukucha. Simu ya asili ya daraja hilo ungeipasha moto kwanza ili gundi ilegee. Nyuma kulikuwa na duara za kamera za kutosha kumpendeza mtu yeyote, lakini chini yake sensa ilikuwa moja, ndogo kama ya simu za zamani. Duara nyingine zilikuwa vioo vilivyobandikwa juu ya plastiki tupu. Betri ilikuwa na karatasi inayodai mAh 6,800, ilhali umbo lake lilikuwa dogo kuliko la simu ya kawaida ya mAh 3,000. Pembeni yake kulibandikwa bamba la chuma lisiloungwa na waya wowote. Kazi ya bamba hilo ni uzito: mtu akiishika simu mkononi aone ni simu nzito, ya maana.

Nilipoinua kibati kinachofunika bodi, chipu ilikuwa MediaTek MT6580. Hii si chipu mbaya kwa kazi iliyotengenezewa. Ilitoka 2015 kwa ajili ya simu za bei ya chini, ina kori nne za Cortex-A7, inafanya kazi kwa biti 32, na mtandao wake unaishia 3G. Sasa rudi kwenye kioo cha simu ile ile: juu kulia kuna alama ya 5G. Chipu isiyojua hata 4G inakuonyesha 5G, kwa sababu alama ile ni picha ndogo tu, na aliyetengeneza programu ya simu anaweza kuweka picha anayoitaka. RAM ya GB 16 nayo haiwezekani kwa chipu ya namna hii. Hifadhi yenyewe ilikuwa GB 8, na sehemu kubwa ya hizo ilishaliwa na mfumo. Ndiyo maana picha za nguo zilikosa mahali pa kukaa, huku kioo kikiendelea kusema GB 512.

Hili la mfumo kujisema uongo si dhana ya mafundi wa mtaani. Agosti 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Urusi, Doctor Web, ilichapisha uchunguzi wake juu ya simu za kuiga ambazo wamiliki walikuwa wamezilalamikia. Zilikuwa na majina kama P48pro, Note30u, Mate40 na "radmi note 8", herufi moja ikiwa imebadilishwa ili jicho lipite bila kushtuka. Mipangilio ilisema Android 10. Ukweli ulikuwa Android 4.4.2, toleo la mwaka 2013. Leo WhatsApp yenyewe haifanyi kazi kwenye toleo hilo. Na ndani ya faili za mfumo wa simu hizo walikuta mlango wa siri uliokuwa umelengwa kwenye WhatsApp na WhatsApp Business, wenye uwezo wa kuwaruhusu watu wengine kuyafikia mazungumzo ya mwenye simu.

Namna tulivyofika hapa ina historia yake, na inatuhusu. Katikati ya miaka ya 2000 MediaTek, kampuni ya Taiwan, ilianza kuuza chipu ikiwa pamoja na programu yake tayari, hivyo karakana ndogo ya Shenzhen haikuhitaji tena wahandisi mamia ili kutoa simu. Mwaka 2007 serikali ya China ikaondoa sharti la leseni maalumu ya kutengeneza simu za mkononi. Soko la Huaqiangbei, hapo Shenzhen, likajaa simu za kila umbo. Zilifika kwetu kupitia Dubai, Guangzhou, na jengo moja la Hong Kong liitwalo Chungking Mansions, ambalo mwanaanthropolojia Gordon Mathews aliliandikia kitabu kilichotoka 2011. Yeye alikadiria kwamba asilimia 20 hivi ya simu zilizokuwa zikitumika kusini mwa Sahara zilipitia katika jengo hilo.

Kinachonivutia katika utafiti wake ni wafanyabiashara wenyewe, miongoni mwao Watanzania. Walijua wanachonunua. Walitofautisha simu mpya halisi, simu za kopi, simu zilizotumika, na zile walizoziita simu za siku 14, ambazo wateja wa Ulaya walizirudisha dukani baada ya muda mfupi. Kila aina ilikuwa na bei yake, na mfanyabiashara alizifungua na kuzijaribu pale pale kabla ya kutoa dola zake, kwa sababu mzigo ukiwa mbovu mtaji umekufa. Uongo, pale ulipoingia, uliingia baadaye, kwenye kaunta ya huku. Leo mnunuzi wa Mbeya au Kisumu anaagiza mwenyewe simu moja kwa kugusa kioo, na macho yale ya mfanyabiashara aliyekuwa akikagua kwa niaba ya mtaji wake hayapo tena. Hata anayekusanya oda kwenye kundi la WhatsApp hajaziona. Anapokea kifurushi kilichofungwa na anakukabidhi kikiwa kimefungwa. Tumeokoa faida ya mfanyabiashara yule na tumepoteza ukaguzi wake, na sioni watu wakiihesabu hasara hiyo ya pili.

Serikali zilijaribu. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na zaidi ya simu milioni moja zikakosa mtandao. Tanzania ikafuata usiku wa 16 Juni 2016, baada ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi, TCRA, kutangaza kwa miezi kwamba kila mtu abonyeze *#06#, apate namba ya utambulisho ya simu yake (IMEI), aitume kwenda 15090 na asome jibu. Wengi tunakumbuka foleni za maduka ya simu wiki ile. Zoezi lilifanikiwa kwa kile lilichokusudia: simu zenye IMEI za kubuni, za sifuri tupu, au zisizo na IMEI kabisa, zilitoweka sokoni.

Lakini lilichopima ni namba. IMEI ina tarakimu 15. Nane za mwanzo zinataja aina ya simu, na ya mwisho inakokotolewa kutokana na zile zilizotangulia ili kubaini makosa ya kuandika. Mfumo unauliza kama namba hiyo ipo kwenye orodha ya dunia, basi. Mtengenezaji wa kopi alijifunza haraka: anachukua namba ya simu halisi, anaiandika kwenye kopi zake. Ukituma ujumbe kwenda 15090 kuhusu simu ya namna hiyo, jibu linaweza kukutajia jina la kampuni kubwa, na hakuna aliyekosea kwenye mfumo. Namba ni halali, iliyoibeba ndiyo si halali. Bado nasema ujumbe huo utumwe. Jibu likija kinyume na simu uliyoishika, umepata ushahidi wa kutosha. Jibu likija sawa, usiridhike nalo.

Jambo lililobadilika zaidi tangu 2016 ni kile tunachokiweka ndani ya simu. Wakati ule hasara ya simu feki ilikuwa chaji kuisha saa sita mchana na sauti kukwaruza. Sasa simu ndiyo pochi, ndiyo tawi la benki, ndiyo kitambulisho, ndiyo daftari la wateja wa mama lishe anayepokea oda kwa WhatsApp. Aprili 2025 kampuni ya Kaspersky ilieleza toleo jipya la programu hasidi iitwayo Triada, ambayo wanaijua tangu 2016, likiwa limepandikizwa kabla ya kuuzwa ndani ya simu za kuiga chapa maarufu. Kati ya 13 na 27 Machi mwaka huo waliikuta kwa watumiaji zaidi ya 2,600, wengi wao Urusi. Triada hukaa ndani ya mfumo wenyewe na kujinakili ndani ya kila programu unayoifungua. Inaweza kusoma, kutuma na kufuta SMS. Inaweza kuchukua akaunti za mitandao ya kijamii, kutuma ujumbe kwa jina lako kupitia WhatsApp kisha ikafuta alama. Kwa wenye sarafu za kidijitali, ilikuwa ikibadilisha anwani ya kupokelea fedha wakati wa muamala, na watafiti walifuatilia kiasi cha dola 270,000 hivi zilizoingia mikononi mwa wahusika.

Tuuweke uwezo huo kwenye maisha ya huku. Msimbo wa uthibitisho wa benki unakuja kwa SMS. Taarifa ya salio la M-Pesa inakuja kwa SMS. Sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", na tumejifunza kuupuuza kwa sababu unatoka kwa mtu tusiyemjua. Ujumbe huo huo ukitoka kwenye akaunti halisi ya mwanao, yenye picha yake na mazungumzo yenu ya jana yakiwa juu yake, ni mama gani ataupuuza? Sisemi kila simu ya kuiga ina Triada. Nasema mnunuzi hana njia ya kujua, na kwamba kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakuisaidii, kwa maana ugonjwa ulikuwamo kiwandani.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni kile kinachotoka nje ya simu. Hifadhi ipime kwa kuijaza: hamishia filamu za GB 20 kutoka kwenye kompyuta, kisha zifungue moja moja uone kama zinacheza hadi mwisho. Mtandao upime kwa kuweka laini ya 4G na kupakua kitu kizito mahali ambapo simu ya jirani inapakua kwa kasi. Kamera ipime kwa kuziba tundu moja moja kwa kidole huku ukibadilisha lenzi; tundu lisilobadilisha chochote huenda ni pambo. Simu inayojiita iPhone ichomeke kwenye kompyuta yenye iTunes, maana kopi nyingi ni Android ndani na kompyuta haitaitambua kama iPhone. Gusa pia alama ya App Store. Nyingi ya kopi hizo hukupeleka moja kwa moja Google Play. Programu ya benki ikikataa kufunguka kwenye simu mpya, usitafute mjanja wa kuilazimisha. Imeona kitu. Na kama una fundi unayemwamini, mlipe afungue mfuniko. Chipu ina jina lake juu, na hilo halibadilishwi kwa programu.

Kuna hoja husikika kwamba bila kopi mtu wa kipato cha chini hana simu janja. Ilikuwa na uzito zamani. Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa 2006, imejenga biashara yake Afrika kwa Tecno, itel na Infinix, simu halisi za bei ya chini. Athi River nchini Kenya kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Oktoba 2023, na moja ya simu zake za kwanza ilitangazwa kwa shilingi za Kenya 7,499. Fedha ile ile inayonunua S24 Ultra ya uongo inanunua simu mpya ya kweli yenye GB 64, yenye dhamana, na yenye duka unaloweza kuliendea. Haitapendeza mezani kama ile nyingine. Hilo nalikubali, na najua kupendeza si jambo dogo kwa kijana anayeanza maisha. Kwa huyo ningemwelekeza kwenye simu iliyotumika ya daraja la juu, ya miaka mitatu au minne nyuma, aikague pamoja na fundi kabla ya kulipa. Ahakikishe haijafungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, na muuzaji awe na meza inayojulikana.

Ukiamua kuagiza nje hata hivyo, lipa ndani ya jukwaa lenyewe, lile linalozuia fedha hadi uthibitishe umepokea. Muuzaji anayekuvuta nje ya jukwaa kwa punguzo kidogo anakuondolea kinga pekee uliyokuwa nayo. Rekodi video tangu unapokata utepe wa kifurushi. Na usitegemee kurudisha: kifurushi chenye betri ya lithiamu kina masharti yake ya usafirishaji, na gharama ya kukirudisha China inaweza kukaribia bei uliyolipa. Muuzaji analijua hilo vizuri, ndiyo maana atakuahidi kukurudishia fedha yote ukimrudishia mzigo.

Mamlaka nazo zina kazi ambayo mnunuzi mmoja hawezi. TCRA na mwenzake wa Kenya wanaweza kununua simu hizi sokoni na mtandaoni, kuzifungua, na kuchapisha majina na picha za ndani kwa Kiswahili, kama Doctor Web walivyotaja zao. Makampuni ya simu yanaona tayari pale IMEI moja inapowaka Mwanza na Mtwara ndani ya saa ile ile. Badala ya kusubiri siku ya kuzima wote, wangemtumia mwenye laini ujumbe kumwambia namba ya simu yake imerudiwa, na kwamba asiitumie kwa fedha hadi aikague. Kuzima kunamwadhibu aliyetapeliwa. Taarifa ya mapema ingemsaidia kudai fedha yake kabla muda wa malalamiko kwenye jukwaa haujapita, na muda huo ni mfupi.

Kwa ambaye tayari anayo mkononi: toa laini, uiweke kwenye simu nyingine hata kama ni ya batani, na ubadilishe namba ya siri ya pesa kutokea huko. Nywila za barua pepe na benki zibadilishe kwenye kifaa kingine pia. Ukizibadilisha kwenye simu ile ile utakuwa umeipa mpya. Fungua WhatsApp yako kwenye simu salama, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usivyovijua. Waambie watu wa nyumbani kwamba ujumbe wowote wa kuomba hela kutoka kwako wauthibitishe kwa kukupigia na kukusikia sauti. Betri ikianza kuvimba na kusukuma kioo, usiichaji tena wala kuitoboa, na usilale nayo chumbani.